Ngozi ya Chitope

1

Sindano ya kumi na nne ilipogoma kuzama, Matika Chilongola alielewa kwamba shamba la Mzee Ndahani Mazoya linakata roho. Aliichomoa, akaipangusa kwa kitambaa, akaichomeka tena hatua mbili pembeni, kama anayempa mgonjwa nafasi ya pili. Sindano ile, ndefu kama mkono wa mtu mzima na nyembamba kama njiti ya fagio, iliingia nusu, ikatetemeka, ikaanza kuusikiliza udongo: unapumua kiasi gani, umeshika unyevu kiasi gani, umebakiwa na vijidudu wangapi walio hai. Baada ya dakika moja tarakimu ikatokea kwenye kishikwambi chake.

"Ngapi?" akauliza Mzee Ndahani. Alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, mithili ya mtu anayengoja nje ya wodi.

"Kumi na tisa, mzee wangu."

"Na ukomo wao ni kumi na nane."

"Ndiyo."

Katika wilaya nzima ya Chamhene hapakuwa na mkulima wala mfugaji asiyeijua kumi na nane. Shamba likishuka chini ya hapo lilitangazwa kuwa ardhi mfu. Mwenyewe alipewa chumba ghorofani katika mji wa mapokezi, mifugo ikauzwa, lori likaja kupakia vitanda. Sheria hiyo ilitungwa na watu wenye nia njema, baada ya miaka ya vumbi iliyofukia shule na zahanati. Msimu uliopita Matika alizishuhudia familia nne zikipanda lori. Mama mmoja alikuwa amebeba kinu peke yake. Alisema huko aendako hana cha kutwanga, lakini hawezi kukiacha.

Kazi ya Matika haikuwa kutangaza vifo. Alikuwa mtafuta mipango wa wilaya. Serikali ilikuwa na mipango mia nne na kumi na mbili ya mikopo na hifadhi kwa watu wa mashamba: ya mbegu, ya majosho, ya mabwawa, ya kupumzisha malisho, ya kuziba makorongo. Kila mpango ulikuwa na masharti yake na siku yake ya kufungwa, na mingine ilikanushana. Yote iliendeshwa na mfumo mmoja ulioitwa Mratibu. Mratibu haukumfuata mtu. Mtu ndiye aliyeufuata, tena kwa lugha uliyoizoea wenyewe. Watu kama Matika waliajiriwa ili asiwepo wa kulala nje ya mlango ulio wazi kwa kutojua tu kupiga hodi.

"Twende nyumbani, mzee," alisema, akizikusanya sindano. "Tukae chini tutafute."

2

Walikaa barazani. Erika, mke wa Mzee Ndahani, aliwaletea uji wa uwele, kisha naye akavuta kigoda akaketi, maana habari ya kuhamishwa ilimhusu kama ilivyomhusu mumewe. Mbele yao korongo lilikuwa limeupasua uwanda katikati, jekundu, na kila masika liliisogelea nyumba kwa hatua nne au tano.

Matika alipekua mipango asubuhi nzima. Wa mabwawa ulitaka mto. Wa mbegu ulitaka udongo wa ishirini na tano. Mkopo wa kuziba makorongo ulitaka vijana sita wenye nguvu katika kaya, na watoto wa mzee wote walikuwa mijini. Jua lilipofika utosini alikuta mmoja uliofunguliwa majuzi tu, na siku zilizosalia kabla haujafungwa zilikuwa kumi na moja.

"Huu unaitwa Ngozi," alisema.

"Ngozi ya nini?" akauliza Erika.

"Ya ardhi, mama. Wanakuja na droni, wananyunyiza mchanganyiko wa kuvu na bakteria na mimea midogo midogo. Unashikana juu ya udongo kama ngozi juu ya kidonda. Unakunywa umande, unaupeleka chini. Korongo linaacha kutembea. Baada ya miaka kumi na miwili wanaibandua ngozi, na chini yake kuna udongo wa kulima na kulishia."

"Na ng'ombe wangu?" Mzee Ndahani alikuwa na ng'ombe thelathini na tisa.

"Kumi na wawili watabaki zizini, mpango utawaletea majani. Waliobaki utawapunguza. Ngozi haitaki kwato, mzee. Ikikanyagwa inatoa harufu chungu ambayo ng'ombe hawezi kuivumilia. Hata umchape, atarudi nyuma."

"Nikighairi katikati?"

"Haighairiki. Ukiing'oa kabla ya wakati wake, udongo unaondoka nayo."

Mzee alilitazama korongo. "Na kisima?"

"Kama hakuna wengine wanaokitegemea, kinazibwa ili maji yarudi chini. Nyie mtajengewa tangi la nyumbani. Kama wapo wengine, kinaachwa, pamoja na njia ya kukifikia."

"Haya. Uliza maswali yao."

Maswali yalikuwa arobaini. Yalikwenda vizuri hadi la thelathini na moja. Matika alilisoma kwa sauti kabla hajalitafakari: "Je, yupo mtu asiye mmiliki anayeitegemea ardhi hii au maji yake?"

"Wapo," alijibu Mzee Ndahani papo hapo. "Kina Gidahuda. Waandike."

Kina Gidahuda walikuwa wafugaji wa Kidatoga kutoka nyanda za kaskazini, mwendo wa siku sita. Hawakuja kila mwaka. Mvua ilipogoma mwaka mmoja walivumilia kwao. Ilipogoma miaka miwili mfululizo waliteremka na ng'ombe wao mpaka kisima cha shamba hili la Chitope, ambacho hakikuwahi kukauka. Babake Ndahani na mzee Gidahuda walipatana hivyo ujanani, kwa mdomo tu, na hakuna aliyewahi kulivunja neno lake. Mara ya mwisho walikuja miaka tisa iliyopita. Matika alikuwapo, afisa mpya aliyetumwa kuhesabu mifugo. Binti wa Gidahuda, Udahema, alimpa maziwa kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, naye akayanywa mpaka yakamchirizika kidevuni, wakacheka wote wawili.

Sindano hazikuwajua. Kumbukumbu ya sindano ilikuwa ya miaka minne, na katika miaka hiyo hapakupita kwato hata moja ya kina Gidahuda. Kama Mratibu ungewajua, basi ni kwa kuambiwa.

Lakini Matika alilijua jambo ambalo mzee hakulijua. Akijibu ndiyo, ombi litapelekwa kwenye kamati ya haki za mapito, na kamati ile ilichukua misimu mitatu kutoa jibu. Shamba lililosoma kumi na tisa halikuwa na misimu mitatu. Halikuwa hata na mmoja.

Angeweza kumwambia. Alifungua mdomo. Akamwona Erika ameshika bakuli tupu kwa mikono miwili, anamtazama kama anavyotazamwa mganga. Ndipo akajiambia: nikishapata kibali nitarudi kurekebisha. Nafasi ya kurekebisha haikosekani. Kidole chake kikagusa hapana.

"Umeandika?" akauliza Mzee Ndahani.

"Nimeandika, mzee."

Neno kwa neno haukuwa uongo; kuandika aliandika. Aliendelea na swali la thelathini na mbili.

3

Ngozi ilishika. Mwezi wa kwanza ilikuwa kama ukungu wa kijivu juu ya udongo. Mwezi wa nne ikawa kahawia yenye ukijani, imekunjamana kama mgongo wa kenge. Masika yalipofika, kwa mara ya kwanza tangu Erika aolewe pale, maji hayakutiririka mekundu. Yalituama, yakanywewa. Korongo lilisimama mahali pake kama mnyama aliyefungwa.

Mwaka wa pili sindano zilisoma ishirini na sita. Wageni walianza kuja kutoka wilaya nyingine, Matika akiwatembeza, nao wakimpiga picha amechuchumaa ukingoni. Alipewa cheti. Familia kumi na saba nyingine aliziingiza katika Ngozi, zote kwa majibu ya kweli, maana mashamba hayo hayakuwa na mtu wa kupita. Alipenda kujikumbusha hilo.

Jibu la thelathini na moja alilifungua mara moja tu. Ilikuwa asubuhi ofisini, miezi mitano baada ya kibali. Aliandika jina la Gidahuda, akaandika na la kisima. Mratibu ukajibu kwa ile sauti yake ya upole: "Badiliko hili litasimamisha mkataba na kuanzisha uchunguzi. Uendelee?" Matika alitazama dirishani. Mhudumu wa ofisi alikuwa anamwagilia maua. Akafunga ukurasa ule, akaenda kumsaidia kubeba ndoo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.

Mwaka huo wa pili mvua ziligoma kaskazini. Ni mwaka mmoja tu, alijisemea.

Mwaka uliofuata ziligoma tena.

4

Mzee Ndahani alimpigia simu saa nne asubuhi. Hakusalimia. "Binti Chilongola, njoo. Wageni wangu wamefika." Akakata.

Aliwaona kabla hajasimamisha gari. Ng'ombe tisini na sita walikuwa wamejipanga ukingoni mwa ngozi, mbavu nje, vichwa chini, kimya. Ule ukimya ndio uliomtisha, kwa kuwa ng'ombe mwenye kiu hulia, na hawa walikuwa wameshapita kulia. Ng'ambo ya pili, hatua mia tatu tu, lilionekana zege lililomiminwa kukijaza kisima mpaka mdomoni.

Vijana wawili wa Kidatoga walikuwa wanamswaga dume mmoja mkubwa, mweupe mwenye mabaka. Dume alikanyaga ngozi. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Harufu ikapanda, chungu kama shubiri iliyochomwa. Magoti ya yule dume yakatetemeka, akageuka, akawapita vijana nusura awakanyage. Wakajaribu tena. Akageuka tena.

"Muacheni," alisema mwanamke aliyesimama kando, shuka begani, fimbo mkononi. "Mtamuua bure."

Alikuwa Udahema. Miaka ilikuwa imemkausha uso, lakini Matika alimtambua, na yeye akamtambua Matika.

"Ni wewe," alisema Udahema. "Ulikunywa maziwa yetu hapa."

"Ni mimi, dada."

"Baba amefariki. Alituachia neno: mwaka wa pili wa ukame, nendeni Chitope. Tumetembea siku saba badala ya sita, kwa kuwa wamechoka. Tulipita maji mengine siku ya nne. Machache, ya chumvi. Tukasema tusipoteze muda, tuwahi Chitope." Akaonyesha ngozi kwa ncha ya fimbo. "Hiki ni kitu gani?"

Matika alieleza. Hakuwahi kuyasikia maneno yale yakiwa mepesi namna ile: kuvu, umande, unyevu, uhai wa udongo. Udahema alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Na hao walioziba, hawakuambiwa kwamba tupo?"

Mzee Ndahani alikuwa karibu na tangi la nyumbani, anajaza ndoo kwa ajili ya ndama. Aliinua uso. Matika aliyahisi macho yake.

"Kulikuwa na kasoro kwenye fomu," alisema Matika.

Tangi lilikwisha kabla ya saa saba. Walikunywa watu, ndama, na majike wenye mimba. Waliobaki walilamba koki. Udahema aliwaita nduguze, wakazungumza kwa lugha yao, kisha akasema wataondoka sasa hivi kuelekea bwawa la Mapanga, mwendo wa siku mbili, kupitia milimani.

"Subirini," alisema Matika. "Serikali ina magari ya maji kwa ajili ya dharura. Nitayaleta. Nipe mpaka jioni."

Udahema aliichomeka fimbo yake ardhini.

"Tutasubiri," alisema. "Kwa neno lako."

5

Ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa, Matika aliomba magari mawili ya maji kwa ajili ya Chitope.

"Eneo la Chitope halina wategemezi waliosajiliwa," ulijibu Mratibu. "Rekebisha jibu la thelathini na moja, au elekeza ombi kwenye kijiji cha asili cha wahitaji."

Kijiji cha asili kilikuwa mkoa mwingine. Muda wa kushughulikiwa: siku nne.

Alimpigia mhandisi wa maji wa wilaya. Akaambiwa magari yapo, madereva wapo, mafuta yapo. Kibali ndicho hakipo, na bila kibali injini haziwaki, ndivyo zilivyofungwa siku hizi. Alimpigia mwenye lori binafsi. Lori lilikuwa limepakia saruji. Alimpigia mkuu wake wa kazi, na simu ilipopokelewa akajikuta anaulizia ratiba ya kikao.

Alijua cha kufanya. Kilikuwa neno moja. Akiliandika, mkataba wa Mzee Ndahani utasimama siku hiyohiyo, majani ya ng'ombe wake yatakatwa, na uchunguzi utauliza nani alidanganya. Na zile familia kumi na saba, watu watasema zote ziliingia kwa ujanja. Na yeye. Alijaribu kutoliwaza hilo la mwisho, nalo ndilo lililokaa juu ya mengine yote.

Saa kumi na mbili alimtumia Mzee Ndahani ujumbe: Yanakuja kesho. Akaenda nyumbani, akapika, asile. Alijiambia kwamba asubuhi huenda pakapatikana njia ya tatu.

Njia ya tatu haikupatikana. Saa tatu asubuhi, mbele ya watu wote ofisini, alifungua jibu la thelathini na moja, akaandika ndiyo. "Uendelee?" Akaendelea. Kibali cha magari kilitoka baada ya dakika ishirini. Alihesabu zote ishirini, moja moja.

Magari yalifika Chitope saa nane mchana. Ukingoni palikuwa na mavi makavu, alama za kwato, na ng'ombe wanne waliolala wasioamka. Kina Udahema walikuwa wameondoka alfajiri.

"Walisubiri jioni, wakasubiri na usiku," alisema Erika. "Yule dada alisema wangeondoka mchana wa jana wangekuwa wamefika nusu."

Njia ya milimani haikupitika kwa gari. Barabara ilizunguka mbali, na kibali kilikuwa cha Chitope, si cha Mapanga. Kubadilisha mahali kulikula siku nyingine nzima. Magari yalipowakuta, bwawa la Mapanga lilikuwa tope, na ng'ombe waliobaki walikuwa wamezama ndani yake mpaka matumboni, wengine wakiwa hai. Walio hai walihesabiwa arobaini na mmoja.

Siku ya tisa tangu kina Udahema wafike Chitope, mvua ikanyesha. Ilinyesha kaskazini na kusini, Mapanga na Chitope, kwa ukarimu, kana kwamba hapakuwahi kuwa na tatizo.

6

Kabla ya kamati ya uchunguzi kukaa, Matika alikwenda kwa Mzee Ndahani kuomba radhi. Alimkuta zizini anatengeneza lango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakugeuka.

"Nilikudanganya. Ulisema niwaandike, nikaandika hapana. Nilikuwa najua kuhusu kamati, sikukwambia. Kesho nitawaeleza kwamba wewe hukuhusika. Ukweli ndio huo, nao utakuokoa na shamba lako."

Mzee aliendelea kukaza kamba. Alipomaliza fundo moja akaanza kulifungua tena.

"Unakumbuka siku walipokuja kuziba kisima?" aliuliza.

"Sikuwepo."

"Hukuwepo. Nilikuwepo mimi. Wewe mwenyewe ulisema hapa barazani: kama wapo wengine, kinaachwa. Wakaja na zege lao. Nilisimama pale. Nikajua. Nikasema moyoni, binti Chilongola hakuandika." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nyasi zilikuwa zimeanza kuota kando ya nyumba, Erika anaimba. Fundi akaniuliza, mzee, tumimine? Nikamwambia mimineni. Nikaenda kunywa chai."

Matika alilishikilia lango lisianguke.

"Miaka mitatu," alisema Mzee Ndahani. "Kila mvua ikinyesha nilikuwa nafurahi mara mbili, kwangu na kwao, maana nilijua wakinyeshewa huko hawatakuja. Ile siku nilipowaona kwa mbali, vumbi lao, nilitamani niwe kipofu. Kwa hiyo usiende kunisafisha kesho. Nitakwenda kujisemea mwenyewe."

Na alikwenda. Wajumbe watano, meza ndefu, chupa za maji ambazo Matika hakuweza kuzitazama. Mwenyekiti alimuuliza mzee kama alifahamu. Wakili wake wa kujitolea alimkanyaga mguu chini ya meza, kila mtu akaona. Mzee Ndahani akasimama.

"Nilifahamu," alisema, "tangu siku ya zege."

Uamuzi ulitolewa baada ya wiki tatu. Matika aliachishwa kazi. Mzee Ndahani aliondolewa katika mpango: majani yalikatwa, akauza wale ng'ombe kumi na wawili, na yeye na Erika wakaruhusiwa kubaki katika nyumba, kwenye shamba ambalo lilikuwa lao na lisilokanyagika. Ngozi yenyewe haikuguswa, kwa sababu haikuwezekana kuigusa. Haki ya mapito ya ukoo wa Gidahuda ilithibitishwa na kusajiliwa rasmi katika Mratibu, ikiwa na nguvu za kisheria kuanzia siku ngozi itakapobanduliwa. Miaka tisa baadaye.

Matika alikuwa ameketi nyuma ya Udahema uamuzi uliposomwa. Karani alimpa karatasi yenye muhuri, akamweleza kwa ufasaha kwamba sasa jina la baba yake limo kwenye mfumo wa taifa. Udahema aliipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaigeuza upande wa nyuma kuona kama kuna kitu kingine. Hapakuwa na kitu.

7

Ilimchukua Matika miezi minne kupata ujasiri wa kwenda. Alimkuta Udahema katika kituo cha kukusanyia maziwa cha Mapanga, anaosha madebe ya maziwa ya ng'ombe wa watu wengine. Nduguze walikuwa wamerudi kaskazini na wale arobaini na mmoja, ambao hawakutosha kulisha nyumba tatu; mmoja ilibidi abaki kutafuta kibarua, na Udahema ndiye aliyejitolea.

Udahema alisuuza debe, akaligeuza juani, akachukua lingine. Matika alisimama. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, mengi, ya kweli yote, na sasa kila alilolishika lilionekana limetengenezwa.

"Nimekuja kuomba msamaha," alisema hatimaye. "Na nimekuja uniambie kama kuna ninachoweza kufanya."

"Unataka kufanya nini?"

"Chochote."

Udahema alifikiri, au alikuwa anasugua tu.

"Tulipowapita ng'ombe waliokuwa wanaanguka hatukuweza kusimama," alisema. "Ukisimama, na wengine wanalala. Tuliwaacha bila kuwaaga. Mama yangu aliniuliza kwenye simu, kwa majina, nani alibaki wapi. Sijaweza kurudi kule peke yangu." Akajifuta mikono kwa khanga. "Jumapili sifanyi kazi."

Jumapili waliondoka jua likichomoza, wakapanda kwa miguu ile njia ya milimani kutoka upande wa Mapanga. Mvua ilikuwa imefanya kazi yake. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, vipepeo wameenea, na kama mtu angepita bila kujua angesema ni mahali pazuri. Walitembea saa nzima. Kisha Udahema akasimama karibu na mti mmoja wa miiba, akasema neno la Kidatoga.

"Nini?" akauliza Matika.

"Jina lake. Jike jekundu, pembe moja imeshuka. Hapa."

Mifupa ilikuwa michache, mingine imeburutwa na fisi. Udahema aligusa fuvu kwa vidole, wakaendelea. Hatua hamsini mbele, jina jingine. Matika, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, alitoa kishikwambi begani.

"Usiandike," alisema Udahema. "Sikiliza."

Akakirudisha. Walitembea hivyo asubuhi yote, jina na mifupa, jina na mifupa. Mara nyingine Udahema alikosea, akarudi nyuma, akasahihisha: la, huyu si yule, yule alifika mbele zaidi, alikuwa mbishi. Baadhi walikuwa na hadithi. Yupo aliyekuwa anafungua malango kwa ulimi. Yupo aliyetolewa mahari ya mdogo wa Udahema, akatoroka, akarudi kwao mara tatu. Yule dume mweupe mwenye mabaka alikuwa kilimani kabisa, amelala ameelekea walikotoka. Matika alilirudia kila jina kwa sauti ya chini, vibaya, na Udahema alimrekebisha mpaka aliseme sawa kabla hawajasogea.

Juu ya mwinuko walikuta mifupa midogo chini ya jiwe, karibu kuambatana na mifupa mingine mikubwa. Udahema alilitaja jina la mama. Kisha akaitazama ile midogo.

"Na huyu?" akauliza Matika.

"Huyu alizaliwa njiani, siku ya tano." Udahema alijifunga shuka vizuri begani. "Sisi tunampa ndama jina akishaanza kunywa maji mwenyewe."

Walisimama pale mpaka jua lilipoanza kuwachoma shingo. Kisha Udahema akatangulia, Matika akamfuata, maana njia ilikuwa bado ndefu.